Miezi mitano mchumba alinijua kuanzia puani kwenda juu: mimi na chunusi zangu za homoni, Texas

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na nyie wengine mambo vipi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu muda mrefu sana. Nasoma nyuzi za watu, nacheka peke yangu break room mpaka wenzangu wananiangalia. Leo nimeamua na mimi kuweka ya kwangu.

Kisa ni cha kweli, kimenitokea mimi na uso wangu huu huu. Kama kuna mahali nitatia chumvi, nitawaambia hapo hapo.

Ni ndefu. Chukua chai, chukua karanga, kaa vizuri.

Wale wa kuuza krimu PM, naomba mpite pembeni mapema. Mkisoma mtaelewa kwa nini.

Haya.

Mimi ni Scola, mtoto wa Songea. Nilifika Texas nikaenda kukaa na mama mdogo Carrollton, kaskazini mwa Dallas. Mama mdogo ni mtu wa watu. Anafanya kazi nyumba ya wazee, na muda wote uliobaki ni katibu wa kwaya yetu ya Kiswahili parokiani. Ukiumwa anajua, ukihama anajua, ukinunua gari anajua rangi yake kabla hujaliendesha.

Kwaya yetu ni mchanganyiko. Watanzania tupo, Wakenya wachache, ila wengi ni Warundi na Wakongo. Kila mtu ana Kiswahili chake, mazoezi yanaweza kuchukua nusu saa watu wanaelewana tu nani alete ufunguo wa ukumbi. Tukishaanza kuimba mambo yanakaa sawa.

Kazini nilikuwa hotelini, Plano. Kutandika, kufagia, kusugua masinki. Kumbukeni hilo la masinki kwa sababu kila sinki lina kioo juu yake, na mimi kwa siku nilikuwa napitia vioo kumi na tano. Mtu mwenye chunusi hahitaji vioo kumi na tano.

Sasa chunusi zenyewe.

Nikiwa sekondari ngozi yangu ilikuwa laini mpaka wenzangu wananinunia. Wao wanatumbua, mimi nateleza tu. Nilijiona nimeshinda mtihani.

2017, nina miaka ishirini na sita, mtu mzima mwenye leseni ya udereva na bima, ndipo chunusi zikanikumbuka.

Na hazikukaa kwenye paji wala puani. Zilijipanga kwenye taya, kutoka sikio moja kupitia kidevuni mpaka sikio la pili, kama ndevu za babu. Kubwa, za chini kwa chini, hazina hata kichwa cha kutumbua. Ukilalia mto zinauma. Ukitafuna zinauma.

Wiki moja kabla ya siku zangu zinakuja kwa kishindo. Zikipungua zinaacha madoa meusi, na kabla madoa hayajafifia mwezi umeshazunguka tunaanza upya.

Nilijaribu kila kitu mnachokijua. Limau, asali, manjano, maji ya mchele, dawa ya meno. Niliacha karanga, niliacha maziwa, niliacha chipsi kwa siku mbili nzima.

Mama mdogo alikuwa na dawa moja tu.

"Hizo ni za usichana, mwanangu. Ukiolewa zitaisha."

Nikimwambia nataka kwenda hospitali anashangaa kwelikweli. "Chunusi? Hospitali? Watu wanaenda hospitali kwa moyo, kwa figo, wewe unapeleka chunusi? Marekani imekulegeza."

Basi nikanyamaza. Ndiyo kosa langu la kwanza, lakini wakati ule nililiona ni adabu.

2018 mwanzoni, kwaya yetu na kwaya ya Houston zikakubaliana kufanya misa ya pamoja mwezi wa kumi na moja, huko huko Houston. Wakafungua group la WhatsApp ili tujifunze nyimbo kwa voice notes. Kila sauti inarekodi ya kwake, wengine wanafuata.

Siku moja nikatuma soprano ya wimbo wa sadaka. Baada ya dakika mbili akajibu mtu wa besi kutoka Houston.

"Ule dada wa mwisho, arudilie tena. Kuko pahali sijasikia muzuri."

Nikarudia. Akasema bado. Nikarudia. Akasema sasa kidogo, lakini arudilie ya mwisho mwisho.

Wakuu, mtu wa besi anasikiliza soprano mara tatu ya nini? Hata mimi mshamba nilielewa.

Huyo ndiye Fiston. Mkongo wa Uvira, anaendesha forklift kwenye warehouse, ana sauti ambayo ukiisikia kwenye simu unatafuta pa kukaa. Tukahamia inbox. Tukaongea kila siku. Siku ananipigia niko kwenye chumba 214 natandika, nilitandika shuka moja mara mbili nikiwa nacheka.

Halafu akataka video call.

Hapo ndipo maigizo yalipoanza.

Chunusi zangu zilikuwa chini, sivyo? Kwa hiyo nikagundua nikiegemeza simu kwenye pakiti ya unga na kuinamisha kidogo, inaniona kuanzia puani kwenda juu. Macho yangu mazuri, nyusi zangu ziko sawa, paji linang'aa. Chini ya hapo ni unga wa sembe.

Miezi mitano wakuu! Miezi mitano mwanaume anaongea na nusu uso.

Siku nyingine nashika kikombe kikubwa cha chai mbele ya mdomo tangu hello mpaka bye. Siku nyingine nimejitanda khanga nasema kuna baridi, Texas, mwezi wa saba. Siku nyingine simu ikiteleza nakata na kusema network.

Na Fiston hakuwahi kuuliza. Hata mara moja. Anaongea na paji langu kwa heshima zote. Hilo ndilo lilinitisha zaidi, kwa sababu nilijua nampenda, na nilijua mwezi wa kumi na moja nitasimama mbele yake kanisani nikiwa na uso wote, tena mchana, tena na kipaza sauti chini ya kidevu.

Nilikuwa nawaza atanitazama, atanyamaza, atarudi kwenye besi zake. Nisingeilaumu hata hiyo besi. Ila ningelia mwaka mzima.

Mwezi huo huo wa saba mama mdogo alialikwa kipaimara Houston, nikamsindikiza. Fiston nikamwambia niko kazini Plano, doubles, zamu mbili mfululizo. Kumbe niko kilomita chache kutoka kwake, nimejificha ndani ya kofia ya jua.

Naona aibu hata kuandika.

Jumamosi hiyo wanawake wenzetu wakanipeleka kwenye duka moja la bidhaa za kwetu, kusini-magharibi mwa Houston. Vitenge, nywele, samaki wakavu, unga wa muhogo. Dada muuzaji aliniangalia taya mara moja tu, akaingia nyuma, akarudi na kopo dogo jeupe lisilo na jina.

Nikamuuliza ndani kuna nini.

"Nimechanganya mwenyewe. Wiki mbili tu. Utakuja kunishukuru."

Wadada mnaosoma, nyie mnajua kopo lisilo na jina ni nini. Ni mkorogo. Na mimi nilijua. Nimekua naona wanawake wa mtaani kwetu uso wa chungwa, vidole vyeusi. Nikajiambia hapana, huu ni wa Marekani, utakuwa tofauti. Kana kwamba mkorogo unapitia ukaguzi uwanja wa ndege.

Nikapaka.

Siku ya tatu uvimbe umeshuka. Siku ya saba taya limetulia. Siku ya kumi na mbili nilijiangalia kwenye kioo cha chumba 309 nikaanza kucheza na fagio.

Jioni ile Fiston akapiga. Kwa ujasiri wangu mpya nikashusha simu polepole, polepole, mpaka mdomo ukaonekana.

Akasogeza uso karibu na skrini. Halafu akasema kwa upole kabisa:

"Kumbe uko na mudomo."

Nilicheka mpaka nikadondosha simu. Nikasema kesho namwonyesha kidevu.

Kesho haikufika. Wiki ya tatu kopo likaisha, na zile chunusi zikarudi na ndugu zao wote. Taya, shingo, mashavu, mpaka nyuma ya masikio. Ngozi imekuwa nyekundu, imekonda, inawaka kama nimepakwa pilipili. Nikitoka juani hata kwenda kwenye gari naungua.

Simu ikarudi kwenye pakiti ya unga, safari hii naonekana nyusi tu.

Aliyeniokoa ni Espérance, Mrundi, tulikuwa tunafanya naye floor moja. Mtu mpole, anaongea kama anasali. Siku hiyo aliingia nilipokuwa naosha sinki huku nalia, akafunga mlango.

"Dada, nionyeshe hiyo kopo."

Nikamtolea kwenye begi. Akanusa, akarudi nyuma.

"Na mdogo wangu alipaka hii kambini, alipokuwa anajiandaa kuolewa. Kesho tuko off wote wawili. Mimi nitakupeleka kwa daktari, na usianze kuniambia habari ya mama mdogo."

Espérance hajawahi kuniamrisha kitu. Nikaenda.

Daktari wa ngozi alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Hakuuliza kwanza chunusi. Aliuliza siku zangu zinakuja vipi, nywele zinakatika au zinaota pasipotakiwa, zinazidi wakati gani wa mwezi, na je, nina mpango wa mimba karibuni. Nikawaza huyu amejuaje.

Halafu akaomba kopo. Akalifungua, akalifunga, akaniambia kwa kila anavyoona humo kuna steroid kali, ndiyo maana ilishusha uvimbe haraka na ndiyo maana nimelipuka nilipoacha.

Akanieleza kitu ambacho sijawahi kuambiwa na mtu maishani. Kwamba chunusi zangu si uchafu, si chipsi, si usichana. Mwili wa mwanamke una homoni fulani zinazochochea mafuta ya ngozi, na kwa wengine ngozi ya taya na kidevu inazisikia kupita kiasi, hasa kabla ya hedhi. Unaweza kuosha uso mara kumi kwa siku, homoni haioshwi na sabuni.

Wakuu, nililia tena. Mwaka mzima nilikuwa najiona mchafu.

Akanipa vitu vitatu. Jeli ya usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso wote. Sunscreen kila asubuhi, hata kama nasafisha vyumba ndani. Na kidonge kinaitwa spironolactone. Akasema kilitengenezwa kwa ajili ya presha na kuondoa maji mwilini, ila kinazuia zile homoni, kwa hiyo wanawake wengi wanapewa kwa chunusi. Nisitumie nikiwa mjamzito wala nikitafuta mimba. Nitakojoa sana. Na nisitegemee matokeo kabla ya miezi mitatu.

Nikahesabu kwenye vidole. Mwisho wa mwezi wa nane, jumlisha mitatu. Misa itakuwa imepita.

Kwenye gari nikamwambia Espérance nimekwisha. Akawasha gari, akafikiri mpaka taa ya kwanza.

"Basi, utaimbia nyuma ya mtu murefu."

Kuhusu kukojoa, daktari hakudanganya. Faida ya kusafisha vyumba vya hoteli ni kwamba choo kipo kila baada ya hatua kumi. Mungu hupanga mambo yake.

Sasa njoo kwa mama mdogo.

Kidonge nilikificha kwenye droo ya soksi, kwa sababu chunusi haipelekwi hospitali. Lakini mama mdogo anafua nguo za nyumba nzima na kurudisha soksi mwenyewe. Mwezi wa tisa, Alhamisi, akakiona.

Mtu mwingine angeona chupa ya dawa na kuniuliza. Mama mdogo hakuhitaji kuuliza. Kile kidonge anakijua kwa sura! Kila asubuhi anakiona kwenye vikombe vya wazee wake, wale wenye presha, wale ambao moyo umechoka, wale waliojaa maji miguuni.

Akakaa kitandani kwangu akalia. Mtoto wa dada yake, miaka ishirini na saba, moyo umechoka, na amemficha ili asimpe wasiwasi.

Halafu, kwa kuwa ni katibu, akaandika kwenye group. Lile group la kwaya zote mbili.

Mimi niko kazini, simu iko locker. Nimetoka saa kumi jioni nakuta messages mia na kitu. Ya juu kabisa ni ya mama mdogo: tumwombee mwenzetu Scola wa soprano, ana tatizo la moyo na presha, amekuwa akiumia kimya kimya, Mungu amtie nguvu.

Chini yake mikono ya kusali, mishumaa, pole, pole, pole.

Nikaandika haraka: jamani, mimi siumwi, ni dawa ya ngozi.

Akajibu mmoja: "Pole dada, hiyo ni kawaida ya wagonjwa kujikaza." Watu ishirini wakampa amina.

Fiston hakuandika chochote. Nikampigia, hapokei. Nikajua basi, amesikia mgonjwa wa moyo, ameondoka na besi zake.

Nilimkabili mama mdogo jioni ile, nikamwambia ni chunusi. Akanishika mkono, akaniambia nisihangaike kuongea sana.

Jumamosi mchana niko nyumbani. Uso umeoshwa, hauna hata unga, nimepaka sunscreen imekaa nyeupe nyeupe, nywele sijachana. Taya lipo vile vile, maana ile jeli mwanzoni inachokoza kabla ya kuponya. Mama mdogo akaingia mbio na simu mkononi.

"Wako getini. Kwaya ya Houston. Wamekuja kumwona mgonjwa."

Nyie mnaoishi huku mnaelewa. Mtu wetu akiumwa hatutumi kadi. Tunapanda gari. Kutoka Houston mpaka Carrollton ni kama masaa manne, na wamekuja hivyo hivyo, bila kumuuliza mgonjwa kama yuko tayari kuumwa.

"Lala!" mama mdogo akasema.

"Mama mdogo, mimi siumwi."

"Watu wametoka Houston wakukute unachana nywele? Lala kwanza, hayo mengine tutajadili baadaye."

Nikalala. Sijui kwa nini. Aliponifunika khanga nikaikamata nikaipandisha mpaka chini ya macho, na hiyo najua kwa nini, kwa sababu nilisikia ile sauti sebuleni ikisalimia.

Besi.

Wakaingia wanne. Mbele Maman Julienne, kiongozi wao, mama mzito wa Kikongo, na sufuria ya sombe, kisamvu chao, mikononi. Nyuma yake wawili wa alto wamebeba machungwa na maziwa. Na mwisho kabisa Fiston, mrefu kuliko nilivyofikiria, anashika kofia yake kama yuko msibani.

Akaniangalia macho. Mimi macho yangu anayajua. Nikaona yake yamelowa, nikaelewa kwa nini hakupokea simu.

Maman Julienne akasema tusali rozari. Jumamosi huwa ni matendo ya furaha, ila akaamua, kwa kuangalia hali ya mgonjwa, tuchukue ya uchungu.

Tukasali. Mama mdogo analia. Alto wanalia. Maman Julienne kila akimaliza kumi anaongeza, "Na huu moyo wa binti yako, Baba, huu moyo mudogo." Na mimi chini ya khanga nawashwa, sunscreen inaniingia mdomoni, nahitaji choo kwa sababu ya kile kidonge, na nikaanza kucheka.

Nimejaribu kuzuia. Nawaapia. Niliuma mto. Lakini kicheko cha kwenye sala mnakijua, ukikizuia huku kinatokea kule. Kitanda kikaanza kutikisika.

"Ona! Ona!" Maman Julienne akasimama. "Moyo unamushika!"

Akatoa simu kwenye pochi. "Ninaita ambulance."

Wakuu, mnaojua bili ya ambulance ya huku Marekani mnaelewa kilichofuata. Niliruka. Kitandani mpaka katikati ya chumba kwa hatua moja, nimemdaka mkono, nampigia kelele, "Usibonyeze! Usibonyeze!"

Khanga imebaki kitandani.



Niko katikati ya chumba, mchana kweupe, pazia limefunguliwa. Taya lote nje. Madoa yote nje. Sunscreen nyeupe kama unga usoni kwa mwokaji mikate. Na Fiston yuko hatua mbili mbele yangu.

Sikuwa na pa kukimbilia, nikafungua mdomo na yote yakatoka kwa pumzi moja. Kwamba sina moyo mbovu. Kwamba ni chunusi, za homoni, na kile kidonge ni cha chunusi ingawa wazee wanakinywa kwa presha. Kwamba nilipaka mkorogo wa Houston. Kwamba siku ile nilikuwa Houston, si Plano. Kwamba nimeegemeza simu kwenye pakiti ya unga miezi mitano kwa sababu naona aibu, na kama mtu anataka kurudi alikotoka arudi tu, sombe aiache.

(Hiyo ya sombe ni chumvi. Niliahidi kuwaambia.)

Fiston akasogea. Akainama kidogo, akaniangalia usoni kama fundi anayekagua ukuta. Halafu akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Scola. Iko."

"Nini iko?"

"Kidevu! Iko!"

Sikuelewa. Hakuna aliyeelewa. Akaanza kucheka, yule mwanaume, akakaa chini kwenye zulia.

"Mimi nilikuwa najua hauna kidevu. Vraiment! Miezi tano naona macho, naona pua, na siku moja mudomo, lakini kidevu hapana. Nikasema Mungu hakumupatia. Ao alipata ajali, sitamuuliza, itamuumiza. Nilisha hata kumwambia maman yangu kule Uvira: maman, kuko dada mwenye hana kidevu, lakini mi namupenda vile vile. Na maman alisema bon, kama anajua kupika."

Naandika hapa nacheka tena.

Jamani. Mimi nilikuwa nafikiri atanikimbia kwa chunusi. Yeye alikuwa ameshajipanga, ameshamwambia mama yake, yuko tayari kuoa mtu asiye na kidevu kabisa.

Maman Julienne alikuwa bado ameshika simu. Akasema polepole, "Kwa hiyo haugonjwi." Nikasema hapana. Akasema, "Basi hiyo sombe ikuwe ya fiançailles," yaani ya uchumba, akaenda jikoni kutafuta sahani.

Mama mdogo aliniangalia, akamwangalia Fiston kwenye zulia, akaniangalia tena. "Na huyu kijana ni nani?" Katibu wa kwaya, anayejua rangi za magari ya watu, hakuwa na habari.

Walipoondoka alikaa nami sebuleni. Halafu akafuta poda kwenye shavu lake kwa kidole, akanionyesha makovu ambayo sikuwahi kuyaona kwa miaka miwili tunaishi nyumba moja.

"Mimi nilikwambia ukiolewa zitaisha," akasema. "Nimeolewa mara mbili. Hazikuisha."

Nikamkumbatia. Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa yule daktari, na kwa mara ya kwanza mtu wa pili wa familia yetu akapeleka uso hospitali.

Misa ya mwezi wa kumi na moja niliimba mstari wa mbele. Chunusi zilikuwa zimepungua nusu. Mwezi wa pili 2019 taya limetulia, madoa yakafifia taratibu hadi kiangazi. Siwadanganyi kwamba ni muujiza, kuna miezi moja au mbili zilikuwa zinapita kusalimia.

Tulifunga ndoa 2020. Mnajua 2020 ilivyokuwa. Watu kumi tu kanisani, wote barakoa, hata padre. Nimehangaika miaka miwili kupata kidevu, na siku ya harusi serikali ikasema kifunike.

Sasa niwape ya moyoni, halafu niwaachie uwanja.

Mimi si daktari. Dawa yangu inaweza isiwe yako, na hicho kidonge kina masharti yake, usichukue cha jirani. Lakini dada ukiona zinakaa kwenye taya, zinafuata kalenda ya mwezi, na umeshavuka ishirini, usiendelee kujisugua. Nenda kamwone mtu aliyesomea ngozi. Kopo lisilo na jina liache dukani. Na mwambie hata mtu mmoja nyumbani unatumia dawa gani na ya nini, la sivyo utasaliwa rozari ya uchungu ukiwa mzima.

Miezi kadhaa iliyopita mimi na Fiston tulitaka mtoto, kwa hiyo daktari akanisimamisha kidonge mapema, kama alivyosema tangu siku ya kwanza. Alinionya kwamba zinaweza kurudi. Zimerudi.

Leo nina mimba ya miezi mitatu na chunusi nne kidevuni, moja kubwa inauma. Asubuhi mama mkwe alipiga video kutoka Uvira, tunaonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza, maana miaka yote simu yake ilikuwa ya sauti tu. Nilikuwa nimetoka kuamka, sijaosha hata macho. Nikapokea. Nikaishika simu mbali, mkono wote, aone mpaka shingo.

Akaangalia muda mrefu, akaita majirani.

"Kujeni muone," akasema. "Iko nayo kabisa, na ni kizuri."

Haya wakuu, uwanja wenu. Nani mwingine aliwahi kuficha uso, na mlimficha nani?